Kwa Hiari Yangu

"Weka dole gumba hapa, mwanangu. Barua ya kukuachisha kazi tu," alisema Mama Zuena, mwenye ghala la kahawa hapa Nyaishozi.

Miaka mitatu nimemchambulia kahawa, na kila karatasi niliweka dole. Niliishia darasa la tano; nauonea aibu mwandiko wangu.

Dole likiwa limeshalowa wino, nikasoma mstari wa mwisho polepole: Nimeacha kazi kwa hiari yangu.

"Bonyeza basi! Karatasi inang'ata?" alicheka.

Nilifuta wino kwenye kanga.

"Mama, sijaacha. Unanifukuza. Andika sababu, na unipe notisi."

Kicheko kilikatika. "Kumbe unajua kusoma?"

Nikachukua kalamu yake, nikaukata mstari ule.