Panya wa Chumba cha Kwanza

Remei alichana karatasi za tishu vipande vyembamba, akavisukuma ndani ya kizimba, kisha akageuka kuangalia mlango. Panya wanene walivikusanya upesi, wakajifukia ndani yake, wakaacha kutetemeka.

Tangu Januari alifanya hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi alijua ni kosa. Katika maabara ile ya Barcelona, nyuzi joto ishirini na mbili zilikuwa raha kwa watu, lakini kwa panya ni baridi. Kuwatandikia kulikatazwa.

Panya wa chumba cha kwanza, aliowatunza yeye, hawakupewa dawa. Wa chumba cha pili walichomwa sindano moja tu, yenye jeni ya kuyafundisha mafuta ya mwili kuungua yakawa joto. Hao aliwahudumia Daktari Neus peke yake. Remei hakuruhusiwa kuingia. Wote walikula chakula kilekile cha mafuta. Wa kwanza walinenepa, wa pili wakakonda.

Quim, bawabu, alimtania kwamba akistaafu, panya watamlilia kuliko wajukuu wake. Remei hakucheka.

Alikuwa amemsikia Neus akiwaeleza wageni kwamba kiumbe akihisi baridi huunguza mafuta ili apate joto. Ndiyo maana vyumba viwili lazima vilingane, la sivyo kazi yote ni bure. Basi panya wake walinenepa kwa sababu ya tishu zake, na dawa ikapewa sifa isiyo yake. Jumatatu jopo la wakaguzi lingeamua kama watu waanze kuchomwa sindano hiyo.

Miaka saba Neus alikuwa ameihangaikia dawa hiyo. Mume wa Remei alipolazwa, ni Neus aliyempeleka Remei hospitali kumwona kila jioni kwa gari lake, akamngoja nje bila kulalamika, na kwenye kiti cha nyuma kila mara kulikuwa na mkate uliopakwa nyanya, umefungwa vizuri. Leo yeye ndiye wa kumharibia?

Ijumaa alimkuta Neus mezani akiandika.

"Daktari, nina jambo. Wale panya wangu, nimekuwa nikiwatandikia."

Neus aliweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Walikuwa wanatetemeka, binti yangu. Nilishindwa."

"Wote?"

"Wote. Nifukuze tu, ila Jumatatu usiende na uongo wangu."

Neus aliinuka, akamvalisha koti na glavu, akamfungulia mlango wa chumba cha pili.

Katika kila kizimba panya wembamba walilala juu ya vitanda vya sufu ya kijani iliyokatwakatwa kwa mkasi.

"Ni skafu aliyonifumia mama," Neus alisema, macho chini. "Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa naogopa ukijua utanisemea, Mama Remei."