Nungunungu Aliyekaa Njiani

Msitu mmoja ulijivunia kwamba kila mnyama alikuwa huru kusema. Nungunungu alisema kiangazi kizima, kando ya njia iendayo chemchemini: tembo wakiendelea kuangusha miti ya chemchemi, joto litazidi na maji yatakauka. Tembo walimsalimia kwa adabu, wakapita.

Siku moja akakaa katikati ya njia, pale inapobana kati ya majabali mawili, akasimamisha miiba.

"Mama, una uhuru wa kusema," alisema Tembo mkubwa kwa upole. "Lakini na sisi tuna uhuru wa kupita. Semea pembeni."

"Pembeni nimesema, baba. Mlinisalimia tu."

Hakuna aliyethubutu kumgusa. Tembo wakamshtaki kwa Kongoni, hakimu aliyependa sana utaratibu. Kongoni akaagiza vifaru wawili wamlinde mshtakiwa palepale asitoroke, mpaka kesi isikilizwe. Vifaru wakasimama ubavu kwa ubavu, na njia ikazibika kabisa. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Tembo wakachoka kungoja, wakahamia bondeni. Huku nyuma visiki vikachipua, na chemchemi iliyokuwa tope ikaanza kutiririka hadi njiani.

Siku ya hukumu Kongoni alifika akihema kwa joto. Akainama, akanywa mpaka kiu ikaisha, kisha akatamka: uhuru una mipaka, na Nungunungu ana hatia ya kuziba njia. Ahame msitu.

Nungunungu akalaza miiba yake.

"Nitahama, mheshimiwa," akasema. "Ila futa kidevu. Kinadondosha maji."