Membe Wakinyamaza

Tangu bunduki na nyua zipigwe marufuku huku kaskazini, sisi wahamiaji tunajenga nyumba katikati ya membe, ndege wa baharini wanaotaga chini, kwenye kokoto. Mbweha au dubu akikaribia, wanamshukia na kumdonoa kichwa mpaka akimbie. Sisi pia wanatudonoa, kwa hiyo tunatembea tumeinua fimbo juu ya kichwa. Kelele zao tumezizoea. Tunaogopa wakinyamaza, maana wakizidiwa huondoka wote.

Leo asubuhi nilikuwa naanika nguo, wakanyamaza. Kundi zima likaruka chinichini kuelekea baharini.

"Mama Mishi, ingia ndani!" Bi Saumu, jirani yangu, akapiga kelele mlangoni kwake. "Mtoto yuko wapi?"

Mishi ana miaka minne. Alikuwa akicheza nje, na nguo zake ni za rangi ya kokoto, kama sheria inavyotaka. Makinda wote walikuwa wamelala kifudifudi, huwaoni. Na yeye vilevile. Nilimfundisha mwenyewe: ndege wakinyamaza, lala, usijibu hata nikikuita mimi.

"Mishi! Mwanangu, itika!"

Hakuitika. Dubu akatokea nyuma ya tangi la maji, akinusa chini, akila mayai kiota baada ya kiota.

Yuko ndege mmoja wa kahawia ambaye hujifanya amevunjika bawa ili adui amfuate yeye, aache makinda. Nikatupa fimbo, nikaanza kuchechemea huku nalia kwa sauti. Dubu akainua kichwa, akanifuata.

Nikamvuta kuelekea ufukweni, bila kujua Mishi amelala upande gani.