Mlango Juu ya Mkanda

Kituo cha umeme kilikuwa kikichoma makaa ya mawe. Siku hizi wanachanganya na pumba za mpunga, vifuu vya nazi na mbao za nyumba zilizobomolewa. Kazi ya Mwanakheri ni kusimama kando ya mkanda unaobeba vitu hivyo na kutoa kila chenye chuma kabla hakijafika tanurini.

Mchana ule ulikuja mlango wa buluu, mzima na fremu yake, kufuli bado limefungwa.

Mwanakheri akausimamisha mkanda. "Shaweji, huu mlango wangu."

"Milango ya buluu iko tele mji huu, dada," mwenzake alimjibu.

"Asubuhi nimeufunga mwenyewe. Nikalivuta kufuli mara mbili, kama kawaida yangu."

"Basi wako uko kwako, umefungwa. Huu wa mtu mwingine."

Hayo yalikuwa maneno ya akili, naye aliyakubali. Hata hivyo akatoa ufunguo mfukoni. Ukaingia. Kufuli likafunguka.

Wakalitazama wote wawili. Kule juu msimamizi alikuwa akipiga kelele kwamba moto unashuka, mji utakosa umeme.

Mwanakheri hakujua afanye nini na kufuli lililo wazi. Akalifunga tena, akalivuta mara mbili. Kisha akauinamia mlango pale ulipolala juu ya mbao za watu, akagonga taratibu.

"Hodi," akasema. "Hodi wenyewe."

Shaweji, mkono tayari kwenye swichi, akajikuta ametega sikio.