Mkono wa Meneja

Meneja wa kiwanda cha saruji alileta mashuka mapya wodini, akifuatana na mpiga picha. Tangu tanuri la pili liwashwe, wagonjwa wa pumu walifurika, hata binti na mjukuu wa Bi Mwanakombo walilazwa kitanda kimoja.

"Mvueni mtoto hiyo barakoa ya hewa, atabasamu vizuri," alisema meneja.

"Nimvue avute nini, baba? Vumbi lako?" alijibu Bi Mwanakombo, aliyeketi kando ya kitanda.

"Mama, ni dakika moja tu."

Bi Mwanakombo aliudaka mkono wa meneja, akaubandika kifuani mwa mtoto. "Haya, ikae hapa hiyo dakika yako."

Meneja aliuvuta mkono. Bibi alizidi kuukandamiza, na vibavu vya mtoto vikaendelea kudidimia na kuinuka, mbiombio, chini ya vidole vyenye pete.