Safu ya Kushoto Kabisa

Mji ule uliwalaza watoto sakafuni, maana mngurumo wa mashine ya kusaga uliwabembeleza. Bi Mwanatumu alikuwa amemlaza mjukuu wake vivyo hivyo siku fundi Sudi alipokuja kupima kelele. Kwenye kioo cha kipimo chake sauti ziligawanyika safu safu, nzito kushoto, nyembamba kulia.

"Zimeni mashine!" fundi aliita dirishani.

Mashine ikanyamaza. Safu zote zikashuka, isipokuwa ile nzito kabisa. Ikazidi kupanda.

"Kipimo chako kimelewa, mwanangu."

"Hapana, mama. Inatoka chini ya nyumba. Mchukue mtoto, tutoke!"

Bi Mwanatumu alimnyanyua mtoto pamoja na mkeka. Sakafu ilikuwa na ufa mpya, na vumbi lilitoka ndani yake polepole, likaingia, likatoka tena.