Aliyeingia Ngomeni

Aminieli alichora bahari kwa mkaa sakafuni, na Eunike akasogeza kigoda chake karibu ili aione vizuri.

Sumari, aliyeketi karibu na mlango, alilirudisha tonge la ndizi sahanini. Kwa miaka miwili alikuwa akija hapa Makumira, nyumbani kwa mzee Efraimu, kila Jumapili baada ya ibada, akingoja binti huyu asogeze kigoda upande wake. Hakuwahi kukisogeza hata kidogo.

"Na hapa ndipo ilipo ngome ya Wareno," Aminieli aliendelea. "Kuta zake ni nene kuliko urefu wa mtu. Ukiwa ndani, jua linaingia kwa tundu moja tu, upande wa kushoto."

"Kulia," mzee Efraimu alinong'ona, macho ameyafumba.

"Kweli, baba. Kulia."

Wote wakacheka. Mzee alikuwa amezisikia hadithi zile mara nyingi mno, hata zikawa zake. Yeye mwenyewe aliwahi kwenda pwani Eunike alipokuwa mdogo, akakaa miaka kadhaa kwenye mashamba ya mkonge, lakini hakurudi na hadithi hata moja.

Sumari hakucheka. Alikumbuka siku yake ya kwanza katika nyumba ile. Mzee alimhoji ukoo wake hadi babu wa babu, akauliza habari za migomba yao na ugonjwa uliomuua shangazi yake. Lakini Aminieli, aliporudi mwaka uliopita kutoka Mombasa alikokaa miaka mingi, alipewa mkono na kukaribishwa chakula. Hakuulizwa hata jina la baba yake. Kisa nini? Kwa sababu ameiona bahari?

"Anawadanganya," Sumari alimwambia Eunike uani jioni hiyo. "Hajafika huko."

"Basi nenda wewe ukaone," Eunike alijibu, "uje utusimulie."

Akaenda. Alipokwisha kuuza kahawa ya msimu ule, alipanda gari la moshi Arusha, akashuka Mombasa akiwa na vumbi la Voi masikioni. Hakwenda kutembea. Alikwenda kuwinda uongo.

Aminieli alisema milango ya Mji wa Kale imechongwa maua. Akaikuta imechongwa maua. Alisema kivuko cha Likoni kinabeba motokaa na mbuzi pamoja. Akakipanda, mbuzi akamlalia miguuni. Alisema kuna msikiti wa zamani wenye mnara uliochongoka kama pembe. Akasimama chini ya mnara huo akautazama mpaka shingo ikamuuma. Kila ukweli ulimchoma. Watu waliokuja kuitazama bandari ya zamani walionyeshana majahazi kwa vidole. Yeye alikuwa akimwona Eunike na kigoda chake.

Ikabaki ngome. Siku ya mwisho alifika langoni, akamwomba askari ruhusa aingie kutazama.

"Utazame nini?"

"Ndani. Mwenzangu aliingia. Anakujua kote, mpaka tundu linaloingiza jua."

Askari alicheka hadi akauegemea ukuta.

"Bwana, humu watu hawaingii kutazama. Hii ni jela ya Serikali ya Mwingereza. Huyo mwenzako aliletwa na pingu."

Sumari alimshukuru kama mtu aliyepewa zawadi. Njia nzima ya kurudi alitabasamu peke yake, hata abiria wenzake wakadhani anakwenda kuoa.

Alifika Makumira Jumapili mchana, akaikuta nyumba ya mzee imejaa watu. Ndugu za Aminieli walikuwa wameleta posa. Mchungaji alikuwepo, wajomba walikuwepo, na Marta, mama yake Eunike, alikuwa akipita na birika la chai. Aminieli alikuwa ameketi mkekani, mbele ya wazee, katika koti jipya.

"Shikamooni, wazee," Sumari alisema bila kuketi. "Natoka Mombasa. Ngome nimefika. Aminieli, hebu waambie wazee uliingiaje mle ndani."

Aminieli alimtupia jicho mzee Efraimu.

"Basi nitawaambia mimi. Ni jela! Haingii mtu mle ila mfungwa. Huyu mnayetaka kumpa binti yenu alikuwa amefungiwa humo, halafu anakuja kutusimulia kana kwamba alialikwa!"

Marta akaliweka birika chini. Mchungaji akavua miwani. Eunike hakumtazama Sumari. Alimtazama Aminieli, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja kiboko. Mjomba mmoja akaanza kutafuta kofia yake. Sumari alivuta pumzi ndefu. Kifua chake, kilichokuwa kikiungua miezi yote ile, kilikuwa kimepoa.

Mzee Efraimu akafumbua macho.

"Wewe uliishia langoni?"

"Ndiyo, baba. Hawakuniruhusu."

"Mshukuru Mungu."

Mzee akainuka, akapita katikati ya wageni polepole, akaketi mkekani kando ya Aminieli, bega kwa bega.

"Umenificha vya kutosha, mwanangu," alimwambia. "Wasimulie tena, na safari hii waambie mimi nilikuwa nalala upande gani."